Kabla ya Photoshop, nywele zilibadilishwa kwa poda

Programu ya kuhariri picha ya Photoshop ilitimiza miaka 35 Februari 2025, na hadi leo ndiyo inayolaumiwa kila mtu anapotoka pichani na nywele za rangi asiyokuwa nayo. Lakini kazi hiyo ni kongwe kuliko kompyuta.

Katikati ya karne ya 19, studio za Ulaya na Marekani zilipiga picha kwenye vioo vilivyopakwa dawa ya kolodioni. Dawa hiyo iliona hasa mwanga wa buluu. Njano na nyekundu ilizifanya giza. Mwenye nywele za rangi ya dhahabu alitoka na kichwa cheusi! Wapigapicha wakawapaka wateja poda kichwani kabla ya kuwakalisha kitini, na mafundi wengine wakaitia picha rangi kwa brashi ndogo. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kuwa dawa hiyo ikitiwa rangi maalumu huanza kuona kijani na njano.

Photoshop yenyewe, programu ya ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1990. Toleo la 1994 lilileta leya, yaani tabaka za picha: fundi huzungushia mstari nywele peke yake, huweka rangi juu, na mng'ao na vivuli vya chini hubaki vilevile.

Ugomvi mkubwa kuhusu nywele kubadilishwa pichani ulitugusa sisi wenyewe. Novemba 2017, jarida la Grazia la Uingereza lilimweka jaladani Mkenya Lupita Nyong'o, mshindi wa Oscar wa 2014. Nywele zake za kipilipili alikuwa amezifunga fundo kisogoni. Jaladani fundo halikuwepo, na zilizobaki zilikuwa zimelainishwa. Lupita alianika mtandaoni picha halisi na iliyochezewa, akaandika kuwa angeulizwa, angewaeleza kwamba hawezi kukubali asili yake ifutwe. Mpigapicha An Le aliomba radhi hadharani. Grazia nayo iliomba radhi, ikisema haikuagiza nywele ziguswe. Mwezi mmoja nyuma, jarida la Evening Standard la London lilikuwa limefuta taji la misuko la mwanamuziki Solange.

Mteja akitaka nywele nyekundu pichani ni haki yake, na fundi stadi anastahili sifa. Kumfutia mtu nywele bila kumuuliza ni kumdhalilisha. Leo simu hubadilisha rangi kwa mguso mmoja, kwa hiyo wenye studio na magazeti yetu, muonyesheni mwenye picha kazi yenu kabla haijachapishwa, na picha halisi muihifadhi.