Tanga Lilivyofika Ziwa Nyanza

Watoto wetu wakifika Ggaba huona mashua za injini, kisha hutuuliza wazee walivukaje ziwa. Waganda walipiga makasia katika mitumbwi ya mbao zilizoshonwa. Tanga lilikuja na wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani. Mmoja wao, Songoro, aliuawa Ukerewe Desemba 1877 pamoja na wamisionari Smith na O'Neill.

Tanga hilo la pembe tatu lina kazi! Henza, kamba ya kupandishia, huinua foromali, yaani mti mrefu unaobeba tanga. Ncha ya mbele hufungwa karibu na omo. Demani, kamba ya nyuma, huvutwa au kulegezwa kufuata upepo. Shida ni wakati wa kugeuza: foromali hupitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, na mshika demani akizubaa chombo hulala. Ziwani dhoruba huja ghafla, hivyo katika chombo kidogo demani ni ya kushikwa mkononi, si ya kufungwa fundo gumu. Upande wa Kenya baadhi ya wavuvi Wajaluo bado wanasafiri hivyo.