Kutoka kombora la Liuli hadi injini inayotoa taarifa: historia ya chombo na habari Ziwa Nyasa

SONGEA. Ujenzi wa bandari mpya ya Mbamba Bay umewarudisha wana-Ruvuma kwenye ziwa lao. Barabara ya lami kutoka Mbinga imeshafika ufukweni, na mjini Songea wafanyabiashara wanapiga hesabu za makaa ya mawe, saruji na soko la Malawi. Mazungumzo yote ni ya gati na shehena. Jambo moja halitajwi kabisa, nalo ndilo lililoamua hatima ya vyombo vingi katika ziwa hili: je, anayeshika usukani anapata habari kwa wakati?

Swali hilo lina historia ndefu, na sura yake kubwa iliandikwa Liuli, kijiji chetu cha pwani ya ziwa, kaskazini ya Mbamba Bay.

Meli ya kwanza ya mvuke Ziwa Nyasa ilikuwa Ilala, ya wamisionari wa Scotland, mwaka 1875. Wajerumani walifuata na meli yao iliyoundwa Hamburg mwaka 1890 kwa fedha za michango na kupewa jina la Hermann von Wissmann, aliyezichangisha kwa kusudi la kupambana na biashara ya utumwa. Ilisafirishwa vipande vipande kupitia mto Zambezi na mto Shire, na palipokuwa na maporomoko mizigo ilipita nchi kavu kwa nguvu za wapagazi wa Kiafrika. Iliteremshwa majini mwaka 1893. Waingereza nao walikuwa na Gwendolen, iliyoshushwa ziwani mwaka 1899.

Liuli Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba wa pale waliouona kama sanamu ya Misri. Wenyeji wanaujua kuwa ni Jiwe la Pomonda. Mwezi Agosti 1914 Wissmann ilikuwa hapo, imevutwa nchi kavu ikifanyiwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, na kamanda wa Gwendolen, Mwingereza Rhoades, walikuwa marafiki. Walipokutana bandarini walikaa pamoja wakanywa.

Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti. Habari ilimfikia Gavana wa Nyasaland kwa simu ya maandishi, naye akamwamuru Rhoades aitafute meli ya Wajerumani na kuiondoa ziwani. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ikatokea mbele ya Liuli na kufyatua mzinga wake mdogo. Kumbukumbu za Waingereza, ambazo ndizo zilizoitunza simulizi hii, zinaeleza kuwa makombora kadhaa yalikosa shabaha kabla ya moja kuipata Wissmann.

Berndt aliruka ndani ya mashua ndogo akapiga makasia kumfuata rafiki yake. Alifoka, akitaka kujua kama Rhoades amelewa. Siku 9 za vita zilikuwa zimepita na hakuna aliyemwambia. Rhoades alimpa habari hiyo akiwa amekwisha kumfanya mateka. London, gazeti la The Times lilishangilia ushindi wa majini Ziwa Nyasa, na hadi leo wapo wanaolitaja tukio hilo kuwa shambulio la kwanza la majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Mei 1915 Waingereza walirudi kuishambulia tena meli hiyo ili isitengenezwe. Baada ya vita waliifufua, wakaiita King George V.

Wanaosimulia kisa hiki hukazia urafiki na pombe. Mimi naona funzo jingine. Wissmann ilikuwa na nahodha mzoefu, na mafundi walikuwa kazini. Iliponzwa na kukosa waya wa simu: upande mmoja wa ziwa ulikuwa umeunganishwa na dunia, upande wa pili haukuwa hivyo.

Baada ya meli kubwa zikaja injini ndogo za kupachika nyuma ya boti. Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norway aliyeishi Milwaukee, Marekani, alianza kuziuza mwaka 1909. Yamaha ya Japani ilitoa ya kwanza mwaka 1960, na jina hilo likaenea katika fukwe za Afrika. Injini hizi hazikuwa na skrini. Mvuvi aliijua hali ya mashine yake kwa mlio, kwa rangi ya moshi, na kwa kuutazama mchirizi wa maji ya kupoozea unaotoka pembeni. Mchirizi ukikatika, alizima haraka.

Wakati huohuo vifaa vya umeme vilikuwa vinaongezeka kwenye boti: kipima kina, redio, baadaye GPS. Chama cha wafanyabiashara wa vifaa hivyo Marekani, NMEA, kilianzishwa mwaka 1957. Mwaka 1983 kilitoa kanuni ya namna vifaa vinavyopeana taarifa, iliyoitwa 0183, ambapo kifaa kimoja kinasema na vingine vinasikiliza tu. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mtandao wa magari uitwao CAN, unaowezesha vifaa vingi kupokezana taarifa kwenye kebo moja. NMEA iliuchukua msingi huo, na mwaka 2001 ikaja NMEA 2000.

Hapo injini ikapata nafasi ya kuzungumza. Waya mkuu unapita ndani ya boti, ukiwa na kizuizi cha omu 120 kila mwisho na umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri. Kila kifaa kinaunganishwa kwa tawi lisilozidi mita 6. Injini ikiingizwa humo, skrini ya nahodha inaonyesha mizunguko, joto, presha ya oili, chaji ya betri na kiasi cha mafuta kinachotumika kwa saa.

Lakini watengenezaji wa injini walivutana. Mercury ilikuwa na mfumo wake, SmartCraft. Yamaha ilikuwa na Command Link. Mwenye boti aliyetaka injini yake isomeke kwenye skrini ya kampuni nyingine alilazimika kununua kifaa cha kati cha kutafsiri. Hata kanuni yenyewe ya NMEA 2000 huuzwa, hivyo mabaharia wanaojua programu wakaamua kuzichambua taarifa hizo wenyewe na kuugawa ujuzi huo bure kupitia mradi wa CANboat. Naona walitenda haki. Joto la injini ya mtu ni habari yake mwenyewe.

Tukirudi kwetu Ziwa Nyasa, meli za MV Songea na MV Iringa zilibeba vizazi vya abiria kati ya bandari ya Itungi na vijiji vya ziwa, na mwaka 2021 ikaja MV Mbeya II, yenye uwezo wa abiria 200 na tani 200 za mizigo. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa kwa wavuvi kwa mkopo nafuu. Hizo ni hatua njema.

Hata hivyo boti nyingi ndogo za Nyasa bado zinaendeshwa na injini za stroku mbili za kuvuta kamba, zisizo na kompyuta ya kuunganishwa na mtandao wowote. Nazo zinaweza kusaidiwa: kipima joto, kipima mafuta na kihesabu mizunguko vinafungwa pembeni, kisha kifaa cha kubadilisha kinapeleka taarifa kwenye skrini. Kazi hiyo inahitaji fundi anayejua kupima omu na kukaza waya usiingie maji. Katika ziwa lenye kina cha mita 700 hivi na upepo wa mwera unaoinua mawimbi ghafla, injini kuzimika katikati si hitilafu ya kawaida.

Songea inajua kutunza kumbukumbu. Kila Februari tunakusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwaenzi mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Ziwa letu nalo linastahili heshima hiyo, na heshima yake ianze kwa ujuzi. Vyuo vya ufundi vya VETA mkoani Ruvuma vifundishe umeme na mitandao ya boti kama vinavyofundisha umeme wa magari, na TASAC, yenye kusimamia usalama wa vyombo vya majini, inapokagua chombo, iulize pia kama nahodha anaweza kujua joto la injini yake kabla haijaungua. Gati la Mbamba Bay litapokea meli kubwa, lakini wana-Nyasa wengi wataendelea kusafiri kwa boti ndogo, na hao ndio wa kufikiriwa kwanza.