Kutu si Kalenda: Mipako ya Maganda ya Risasi na Historia ya Ujangili Bonga, Babati
Ni rahisi kuchukulia kutu kuwa kipimo cha umri wa ganda la risasi; insha hii inapinga mtazamo huo. Maganda ya chuma ya milimita 7.62 kwa 39 ni nafuu kuliko ya shaba njano, lakini hushika kutu. Viwanda vya Kisovieti viliyapaka vanishi. Vya China aghalabu viliyavika utando mwembamba wa shaba nyekundu. Utando huo ukikwaruzwa, chuma kilichofunuliwa huliwa upesi. Kwa hiyo, ganda likiokotwa Bonga, jirani na Hifadhi ya Tarangire, kutu pekee haithibitishi kuwa ni la ujangili uliotangulia Operesheni Uhai ya 1989. Kwanza usomwe mpako, kisha alama zilizogongwa kitakoni.