Njia Iliyozibwa: Pirimethamini katika Damu ya Korogwe na Handeni

Fansidar, Metakelfin, Orodar: aliyeugua malaria Korogwe au Handeni, mkoani Tanga, mwanzoni mwa karne hii huenda amemeza zote tatu, akidhani amebadilisha dawa. Hakubadilisha sana. Ndani ya kila kidonge mlikuwa na pirimethamini, molekuli ndogo iliyotoka kwenye maabara ya Burroughs Wellcome nchini Marekani, kwa George Hitchings, Gertrude Elion na wenzao, na kuingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa jina la Daraprim.

Kazi yake ni kukizuia kimeng'enya kimoja tu. Kimelea cha malaria hukihitaji ili kutengeneza foliki asidi inayotumika, na bila hiyo hakiwezi kuunda vinasaba vipya wala kugawanyika. Sisi tunacho kimeng'enya cha jamii hiyohiyo, ila umbo lake limetofautiana na la kimelea, na pirimethamini hung'ang'ania cha kimelea kwa nguvu inayozidi mara mamia. Mwenzake sulfadoksini huzuia kimeng'enya kingine, cha hatua ya mapema zaidi, ambacho binadamu hana kabisa kwa kuwa foliki asidi yake huipata kwenye chakula. Zikitolewa pamoja, kama zilivyo kwenye SP (sulfadoksini na pirimethamini), ni sawa na kuziba mfereji mmoja mahali pawili.

Dawa ilikuwa bado mpya ilipofika Tanga. Mkuzi ni kijiji cha Muheza, jirani na Korogwe. Huko daktari wa malaria wa serikali ya Tanganyika, David Clyde, aliwapa wanakijiji Daraprim mara moja kwa mwezi ili kuwakinga. Miezi michache ilitosha. Vimelea vikarudi kwenye damu ya watu waliokwisha kumeza dozi zao, na mwaka 1954 habari hiyo ikachapishwa. (Clyde hakuwa mtu wa kuwajaribia wengine tu. Miaka ya 1970, akiwa Marekani, alijitoa mwenyewe aumwe na mbu waliopigwa mionzi, katika majaribio ya chanjo.)

Kwa nini mara moja kwa mwezi? Ilikuwa rahisi kusimamia, na pirimethamini hukawia mwilini. Lakini huko kukawia ndiko kulikoleta balaa. Kiasi cha dawa hushuka polepole, siku baada ya siku, mpaka kinabaki cha kuua vimelea dhaifu na kuviachia vyenye nguvu uwanja mtupu. Clyde alilisoma hilo kwa darubini na matone ya damu, bila kujua ni nini hasa kilichobadilika ndani ya kimelea. Jibu lilipatikana mwaka 1988, mwaka uleule Hitchings na Elion walipopewa tuzo ya Nobel: amino asidi moja, ile ya 108 katika kimeng'enya, ilikuwa imebadilishwa na nyingine, na pirimethamini haikuweza tena kushika vizuri. Mabadiliko mengine, ya nafasi ya 51 na 59, yaliongeza usugu juu ya usugu. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba vimelea vya Afrika vyenye mabadiliko yote matatu vina ukoo mmoja na vile vya Asia ya Kusini-Mashariki. Usugu wa Mkuzi yaelekea ulizaliwa nyumbani. Huu mkali zaidi ulikuja na wasafiri.

Hata hivyo, mwaka 2001 Tanzania iliiweka SP mahali pa klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Ni rahisi leo kulaumu. Klorokwini ilikuwa imechoka, watoto walikuwa wakifa, na hapakuwa na dawa nyingine ya bei ambayo zahanati ya kijijini ingeimudu. Nadhani waliofanya uamuzi ule walijua wananunua muda. Muda wenyewe ukawa mfupi: kufikia mwishoni mwa 2006 dawa mseto, ALu, ilishaanza kuchukua nafasi.

Korogwe, mahali penye maabara ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ndiko hesabu ya mwisho ya SP ilikopigwa waziwazi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watoto zaidi ya wanane kati ya kila kumi waliotibiwa kwa SP walikuwa na vimelea tena ndani ya siku 28. Safari hii kimeng'enya cha pili, kile kinachozuiwa na sulfadoksini, nacho kilikuwa kimebadilika, nafasi ya 581, na uchunguzi wa miaka mitano katika vijiji vya Korogwe ulionyesha badiliko hilo likiongezeka. Mfereji ulikuwa umezibuka mahali pote pawili. Mwaka huohuo matokeo ya jaribio la kuwakinga watoto wachanga, lililofanyika Korogwe na Same, yalionyesha kuwa SP haikuwasaidia zaidi ya kidonge kisicho na dawa, ilhali dawa nyingine, meflokwini, huko Korogwe ilipunguza malaria kwa asilimia 38 hivi.

SP haikutupwa. Mjamzito anayekwenda kliniki bado anaimeza kama kinga mbele ya muuguzi, ingawa utafiti wa Korogwe wa mwaka 2013 uliwakuta akina mama walioambukizwa vimelea vyenye badiliko la 581 wakijifungua watoto wenye uzito mdogo zaidi. Wanaoitetea wana hoja ya kweli: SP huongeza uzito wa mtoto hata kwa njia zisizohusu malaria, na dawa zinazoua vimelea vizuri zaidi hazijaishinda katika hilo.

Kwa wanafunzi wa shule za msingi Handeni na Kilindi, NIMR ilichagua njia nyingine. Watoto hao walipewa dihaidroatemisinini pamoja na piperakwini, mchanganyiko usiogusa kabisa njia ya foliki asidi, baada ya jaribio la Muheza kuonyesha kuwa unawapunguzia malaria. Wakati huohuo, upande wa pili wa nchi, Kagera, vimelea vinavyostahimili kwa sehemu jamii ya atemisinini vimekwisha kuthibitishwa, na sampuli za damu za Tanga sasa zinasomwa kwa alama za usugu huo pia, pamoja na zile za zamani za 108 na 581.