Jeevanjee, tajiri aliyepewa kiti barazani

Juzi kwenye kikao chetu swali lilitokea: mgeni anaweza kuwa na sauti katika nchi ya watu? Tukakumbuka habari ya Alibhai Mulla Jeevanjee.

Huyu mzee alizaliwa Karachi mwaka 1856, mji ukiwa mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1890 akafika Mombasa kutafuta biashara. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, akapata kandarasi ya kuleta vibarua kutoka India na kuwalisha. Vibarua waliokuja walikuwa kama 32,000, na karibu 2,500 walikufa. (Huku kwetu reli ilifika Pakwach tu, tena mwaka 1964. Arua mpaka leo bado.) Utajiri wake ulitoka hapo, hatuwezi kuficha.

Akajenga soko Nairobi, na akaanzisha gazeti la African Standard, ambalo leo ni The Standard la Kenya. Lakini pesa haikumfungulia kila mlango. Ardhi nzuri ya nyanda za juu ilitengewa wazungu peke yao. Alipoteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria alikuwa Mhindi wa kwanza, na yuko peke yake kati ya wazungu. Sisi hiyo tunaijua: unaitwa mkutanoni, unasaini karatasi, unakunywa soda, kumbe uamuzi ulishapita jana.

Mwaka 1910 akaenda London kupeleka malalamiko. Huko akaliambia gazeti moja kwamba afadhali nchi hii iunganishwe na India. Hapa ndipo tunagombana naye. Alidai haki ya watu wake kwa nguvu zote, ila Mwafrika mwenye ardhi hakumuona. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, alipata kiti katika baraza lile mwaka 1944, Jeevanjee akiwa ameshakufa miaka minane.

Mwaka 1972 Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa hapa Koboko, akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Hata wenye maduka Arua wakafunga. Halafu mwaka 1979 Amin mwenyewe akaanguka, na watu wa West Nile wakakimbilia Sudan na Zaire, yaani kwetu. Kuna wazee hapa bado wanatutajia majina ya vijiji vyetu.