Nyumba ya Michezo ya Kraków

Mwaka 1795 nchi ya Polandi ilifutwa katika ramani. Urusi, Prusia na Austria walikuwa wamekwisha kuigawanya kama nyama ya mawindo, na wenyewe wakakaa miaka 123 bila dola. Kraków, kiti cha wafalme wa kale, hatimaye ulitiwa chini ya Austria, ambayo mwishoni mwa karne ya 19 iliwaachia watu lugha yao. Ndipo mji ulipothubutu kujijengea nyumba ya michezo ya kuigiza.

Ujenzi ulianza kwa ugomvi. Ili kupata kiwanja, wakuu wa mji walibomoa majengo ya kale ya hospitali ya Roho Mtakatifu. Mchoraji mashuhuri Jan Matejko alipinga, hata akaukataa uraia wa heshima aliopewa na mji. Hakusikilizwa. Nyumba ilifunguliwa tarehe 21 Oktoba 1893, naye akafariki siku kumi na moja baadaye. Mimi naona alikuwa na haki. Lakini laiti angalisikilizwa, huenda tusingalipata habari ifuatayo.

Novemba 1900, mshairi Lucjan Rydel, mtu wa mjini, alimwoa binti wa mkulima katika kijiji cha Bronowice. Miongoni mwa wageni alikuwamo Stanisław Wyspiański. Machi 1901 mchezo wake uitwao "Harusi" ulionyeshwa katika nyumba hiyo, na watu wakajitambua jukwaani! Humo kijana mmoja akabidhiwa baragumu la dhahabu la kuwaita watu wapiganie uhuru. Ainama kuokota kofia yake yenye manyoya ya tausi, baragumu lapotea. Alfajiri wakulima wamesimama na miundu yao wakingoja mlio usiokuja; kisha wote wacheza ngoma kama waliolala usingizi. Si adui aliyelaumiwa pale, bali watazamaji wenyewe.

Mwaka 1909 nyumba ilipewa jina la mshairi Juliusz Słowacki. Wajerumani walipoiteka nchi mwaka 1939, waliitwaa wakaifanya yao. Basi mchezo ukahamia majumbani. Tangu 1941 Mieczysław Kotlarczyk na vijana wachache walisoma mashairi ya taifa kwa siri, bila jukwaa, mbele ya wasikilizaji wachache. Na aliyekamatwa aliweza kuuawa. Mmoja wao, kibarua wa machimbo ya mawe, aliitwa Karol Wojtyła, ambaye Nairobi ilimpokea mwaka 1980 akiwa Papa Yohane Paulo wa Pili. Wajerumani waliondoka Januari 1945, na Kipolandi kikasikika tena katika nyumba ile.