Uchakavu wa Kihesabu

Nje ya lango la Msitu wa Jozani, wageni wakiwa ndani kutazama kima punju, magari yaliyowaleta kutoka Mji Mkongwe na Paje husubiri kivulini. Chukua Noah moja, tuseme mwenyewe aliinunua kwa shilingi milioni 24. Anaifuta vumbi kila asubuhi, na ukimuuliza habari ya uchakavu atakwambia bado nzima. Hajakosea. Ila mhasibu anasema imeanza kuchakaa tangu siku ilipoingia kazini.

Uchakavu anaousema mhasibu si kutu wala rangi iliyobabuka. Ni kuigawa gharama ya mali katika miaka itakayotumika, ili kila mwaka ubebe fungu lake. Wapo wanaopendelea kusema “kushuka kwa thamani”. Mimi naona hilo linapotosha zaidi, kwa sababu linaipeleka fikra sokoni, na sokoni gari kuukuu huweza hata kupanda bei shilingi ikidhoofu. Daftari halina habari na soko, litakata tu. “Uchakavu” angalau linataja kutumika.

Kukata nako kuna namna zake. Kwa mkato sawa, ukikadiria kuitumia Noah miaka 6 kisha kuiuza milioni 6, zinabaki milioni 18 za kugawa: milioni 3 kila mwaka. Kwa salio linalopungua, asilimia hukatwa kwenye kilichobaki. Ndiyo njia ya magari katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hata huku Visiwani. Gari la abiria wasiofika 30 limewekwa kundi moja na kompyuta, asilimia 37.5. Mwaka wa kwanza milioni 9, wa pili 5,625,000. Kwa hiyo hesabu yako na hesabu ya kodi zinaweza kupishana, wala si udanganyifu.

Hata wakati wa kuandika pato unaweza kuzipishanisha hesabu. Sheria hiyohiyo inamruhusu mtu binafsi kuandika pato la biashara anapolipwa, au linapostahiki hata kabla ya kulipwa. Kampuni haina hiari: ni stahiki tu. Kwa mwenye gari tofauti si ndogo. Safari za Agosti ambazo wakala atazilipa Oktoba, zikiandikwa zinapolipwa zitaufanya msimu uonekane mkavu na vuli ionekane neema.

Anayetozwa kodi kwa makadirio ya mauzo hapunguziwi chochote kwa uchakavu, na wengi hapo huuacha kabisa. Hasara ni yao, maana bei ya safari hupangwa bila kuhesabu gari. Tena kuandika uchakavu hakuweki senti benki. Milioni 3 kwa mwaka ni 250,000 kwa mwezi: iandike, kisha ipeleke kwenye akaunti yake au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kabla hujagawa faida.